Mtume Shiundu Makongeni

Jumapili, 10 Machi 2024. Donholm, Nairobi.

Leo ni miaka thelathini na miwili kasoro wiki tano tangu niondoke nyumbani. Niliondoka upande wa Endebess, chini ya Mlima Elgon, tarehe 14 Aprili 1992, nikiwa na Biblia, daftari la mahudhurio la darasa la saba, na barua kutoka kwa mchungaji wetu. Nyumba niliiacha ikiwaka, imechomwa na majirani katika mapigano ya kikabila. Nilidhani ningekaa Nairobi mpaka mvua ziishe.

Ile barua ni ya uhamisho wa ushirika. Inasema kwamba mimi, Wekulo, ni Mkristo mwema na kanisa lolote nitakalofikia linipokee niwe mshiriki. Sijaikabidhi kwa mtu. Anayerudi nyumbani hajahama. Kwa hiyo katika Kanisa la Vikapu Kumi na Viwili, hapa Donholm, mimi ni mgeni. Kila Jumapili karani akisema, "Wageni wasimame," nasimama, natoa salamu za kanisa la nyumbani, napigiwa makofi matatu, na baada ya ibada nakunywa chai ya wageni kwa maandazi mawili. Nimezika mchungaji mmoja na kuaga wengine wawili. Huyu wa sasa, Pasta Caleb, alizaliwa nikiwa tayari mgeni.

Leo Mama Apondi, mkuu wa mapokezi, aliponimiminia chai aliniambia, "Mwalimu, huu ugeni wako sasa una wajukuu."

Jumanne, 12 Machi.

Jua kali. Shati limekauka kwa nusu saa.

Ijumaa, 15 Machi.

Ushirika wa jioni. Wakati wa ushuhuda alisimama Shiundu. Yeye hukata nyama katika bucha moja ya Soko la Burma, huishi Mukuru kwa Njenga, na kanisani hubeba chochote kinachohitaji kubebwa: viti, mapipa ya maji, mara moja piano. Alisema alichosema mwaka jana na mwaka juzi.

"Mimi nasikia Mungu ananiita nihubiri. Ni mwaka ya kumi na moja sasa."

"Ndugu Shiundu," Pasta akasema kwa upole, "kusikia njaa si kuitwa mezani. Subiri wito."

"Nasubiri, Pasta. Lakini utakuja aje?"

"Kwa sauti, au kwa maandishi. Danieli alisoma ukutani."

Shiundu akaangalia ukuta wetu. Una ratiba ya usafi.

Mtu mwema. Lakini "mwaka ya kumi na moja" iliniuma sikioni. Akisimama dakika tano huvunja ngeli kama anavyovunja mifupa. Sidhani Mungu ataita mtu wa namna hiyo wakati wapo waliosoma.

Alhamisi, 21 Machi.

Maandalizi ya krusedi ya Pasaka kule Makongeni. Carolyne, karani wetu, aliniandikia mara mbili mchana. Kwanza: "Mwalimu, nani atahubiri Makongeni? Yule mhubiri tuliyemwalika amekataa." Baadaye: "Na nani ataenda kuchukua spika kwa Wachira?" Wachira hukodisha mitambo pale pale Makongeni.

Swali la kwanza si la mgeni, nikamwachia Pasta. La pili nikajibu kwa ufupi. Simu yangu imekataa herufi ndogo tangu ianguke kwenye uji, kwa hiyo jibu lilitoka hivi:

MTUME SHIUNDU MAKONGENI JUMAPILI SAA TATU ASUBUHI. VIPAZA SAUTI TAYARI. MUNGU AMBARIKI.

Kiswahili safi. Hakuna "spika".

Jumapili, 24 Machi. Matawi.

Nitajaribu kuandika mambo kwa mpangilio yalivyotokea.

Baada ya matangazo Pasta alisema kuna jambo la furaha. Carolyne na msichana mwingine wakakunjua bango la urefu wa mita tatu. Juu lilikuwa na picha ya Shiundu ndani ya suti, ameinua mkono wa kulia na kufumba macho nusu kama anayebariki umati. Naijua picha hiyo. Ilipigwa kwenye arusi, karibu na jiko la kuchomea nyama, na alikuwa anajikinga moshi. Chini ya picha:

MTUME SHIUNDU. MAKONGENI. JUMAPILI SAA TATU ASUBUHI. VIPAZA SAUTI TAYARI. MUNGU AMBARIKI.

Mimi nilimaanisha mtu atumwe. Mtume, yaani umtume, aende, alete vipaza sauti. Miaka ishirini na mbili nilifundisha watoto kwamba neno hilohilo laweza kuwa amri na laweza kuwa cheo, na kwamba herufi kubwa na koma hazikuwekwa duniani kwa urembo. Kisha mimi mwenyewe nikaandika bila koma, kwa herufi kubwa tupu.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shiundu akatoka kwenye safu ya nyuma, akaja polepole hadi kwenye bango, akavua kofia. Aligusa herufi ya M kwa kidole.

"Kwa maandishi," alisema. Kisha akalia kama mtu aliyepata habari ya mgonjwa kupona.

Kanisa lote lilipiga makofi. Pasta Caleb akanigeukia. "Mwalimu, ni wewe uliyependekeza. Ulipewa neno?"

"Nilipewa maneno," nikasema.

"Amina!"

Nilikaa chini. Mgeni hasahihishi mabango ya wenyeji.

Jumatano, 27 Machi.

Mvua za kwanza. Sijasema.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka.

Makongeni, uwanja mdogo karibu na reli. Saa tatu kasoro tukagundua kwamba hakuna aliyekwenda kuchukua vipaza sauti. Kila mtu alidhani vitajileta, kwa kuwa bango lilisema viko tayari. Mtume mwenyewe akavua koti, akaenda kwa Wachira, akarudi na kimoja kichwani na kingine begani, jasho likimtiririka. Waliokuwa wamekuja kumwona mtume wakamwambia aharakishe, mtume anakaribia kufika.

Akahubiri mwana mpotevu. Naandika alivyosema, bila kusahihisha.

"Mmehubiriwa juu ya baba. Mmehubiriwa juu ya kijana, na ule kaka yake ya wivu. Mimi naulizanga: nani alichinja hiyo ndama? Si baba, huyo alikuwa bize anakumbatia. Kuna mtu wa bucha pale. Alikuwa amefunga kazi. Ameoga miguu. Akaitwa. Hakuuliza, huyu kijana ametoka wapi. Hakuuliza, atakaa siku ngapi. Alichukua kisu akaenda. Jina yake haiko kwa Biblia. Lakini bila yeye, watu wangu, hakuna karamu. Ni kuimba tu na njaa."

"Sema, mtume!" wakapiga kelele kutoka kwenye vibanda.

"Nani hapa hajaitwa kwa karamu? Kuja. Kuja tu na hiyo nguo ya kazi. Hakuna mfupa kwa huyu Yesu, ni steki tupu!"

Hilo la mwisho si fundisho la kanisa lolote ninalolijua.

Makosa ya ngeli: kumi na tisa. Waliokuja mbele: saba. Mmoja wao, kusema kweli, alitaka kujua kama maini yatakuwepo Jumatatu. Sita, basi. Katika krusedi tatu zilizopita, wahubiri wenye vyeti walipata wanne kwa jumla.

Ijumaa, 5 Aprili.

Shiundu amealikwa Kaloleni. Nilikwenda, kwa sababu ya kuhesabu. Makosa kumi na mawili, waliokuja mbele kumi na mmoja. Anajifunza au mimi nimeanza kuzoea. Alipomaliza akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye Mungu alitumia." Mikono yake inanuka sabuni na mafuta ya ng'ombe. Sijasema.

Jumapili, 14 Aprili.

Miaka thelathini na miwili kamili. Asubuhi alipiga simu Shitanda, mtoto wa dada yangu. Yeye alirudi Endebess zamani na hana shida na mtu.

"Mjomba, nimemaliza kujenga. Vyumba viwili, mabati ya kijani. Ni yako."

"Majirani?"

"Watoto wa wale majirani ndio walinisaidia kupiga lipu. Mjomba, watu walichoka na hayo mambo. Njoo. Kanisa lina darasa la Biblia, halina mwalimu. Tunakuita."

Nilikuwa nimeingojea simu hii miaka yote, na nilikuwa na hotuba tayari. Ilinitoka kichwani. Nikauliza kama bado kuna ule mti wa mwarobaini kando ya shule. Akasema hajawahi kuuona. Nikauliza nani bado yuko kati ya wazee wa kanisa. Akataja majina saba ya watu nisiowajua.

"Siku ya kwanza," akasema kwa furaha, "tutakusimamisha na wageni, upigiwe makofi mpaka uchoke!"

Nikamwambia nitamjibu.

Jumatatu, 15 Aprili.

Mvua.

Jumanne, 16 Aprili.

Mvua. Sikumjibu Shitanda.

Jumatano, 24 Aprili.

Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi mto ukaingia Mukuru. Kufikia saa nne watu walikuwa wakipanda kuja upande wetu na magodoro yaliyolowa vichwani. Pasta akafungua ukumbi. Mama Apondi alisimama mlangoni akigawa pembe: wenye watoto wachanga jukwaani, wazee ukutani, kuku nje.

Shiundu alifika mara tano. Kila mara alikuwa na mtu mgongoni, naye akimweka chini huondoka bila kunywa maji. Mara ya tano alimleta mkewe Everline na watoto wao watatu, Beldina na wadogo zake, nyumba yao ikiwa imejaa maji hadi dirishani. Mtu mmoja alimwita, "Mtume! Bado kuna mama mkubwa kule nyuma ya kiwanda!" Akaitika "Naam" na kwenda. Nilimtazama akienda kwenye tope la magotini na nikatambua kwamba siku nzima sikuwa nimehesabu kosa hata moja.

Ijumaa, 26 Aprili.

Everline alinikuta nikipanga vikombe. Ni mwanamke wa sauti ya chini asiyepoteza maneno.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu. Nikuulize?"

"Uliza, mama."

"Baba Beldina anasema Pentekoste anarudisha kisu kwa Kabiru mwenye bucha, aache kazi ya bucha kabisa. Anaenda Lodwar kuhubiri. Anasema mtume hutumwa mbali." Akatazama magodoro. "Mimi sikatai Mungu. Nyumba imeenda na maji, nikisema asiende nitakuwa nimeshindana na mbingu. Lakini nataka kujua. Aliitwa kweli?"

Nilisema kwamba mambo ya wito ni mazito.

"Hilo najua," akasema. "Ndiyo maana nimeuliza wewe."

Hata hapo sikusema. Naandika hivyo ili niaibike nikisoma.

Jumapili, 28 Aprili.

"Wageni wasimame," Carolyne akasema, nao wakasimama watu mia moja na arobaini. Nami nikasimama, kwa mazoea. Kando yangu alikuwa mama mmoja kwa jina Nthoki, ameshika sufuria moja, ndiyo mali iliyobaki.

Akaninong'oneza, "Mzee, na wewe maji yalikutoa lini?"

"Elfu moja mia tisa tisini na mbili."

"Ngai!" akasema. "Yalikuwa maji gani hayo?"

Sikunywa chai. Nilimpa andazi zote mbili. (Maandazi yote mawili. Ninaambukizwa.)

Alhamisi, 9 Mei.

Mvua imepungua. Shitanda amepiga mara tatu. Carolyne ananiuliza maneno ya bango la kumuaga Shiundu aende Lodwar. Nimemwambia sitaandika tena chochote kwa simu.

Jumanne, 14 Mei.

Nimekwenda Burma.

Nilifika saa nne, nikamkuta Shiundu nyuma ya gogo, aproni nyeupe, akimkatia mteja mbavu. Mteja ni fundi mmoja wa reli, mtu wa mdomo.

"Mwalimu! Leo umetutembelea. Nikuwekee?" Shiundu akauliza.

"Sikuja kwa nyama. Nimekuja kusahihisha."

Akaacha kisu hewani. Nikamweleza yote, mbele ya mteja, kwa kuwa nilijua nikingoja aondoke sitasema. Maswali mawili ya Carolyne. Herufi kubwa. Koma. "Nilisema wakutume, Shiundu. Sikusema wewe ni mtume. Nilisema mtu akutume Makongeni uchukue vipaza sauti."

"Spika?"

"Spika."

Alishusha kisu. Ubavu ukakatika vibaya.

"Ai, huko nako ni kukata gani?" mteja akalalamika.

Shiundu hakumsikia. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Kwa hivyo Mungu hakuniita."

"Kuhusu Mungu sijui. Najua kuhusu simu yangu tu."

"Miezi miwili, Mwalimu. Umenitazama nikisimama mbele ya watu miezi miwili."

"Ndiyo."

"Ukihesabu."

Sikujua kwamba alijua. Nikasema ndiyo tena, na nikamwomba msamaha.

Akafuta gogo. Akalifuta mara ya pili, mahali palipokuwa safi. Mteja alikuwa ameanza kutazama mbavu zake kama mtu aliyesahauliwa kwenye kituo.

"Nionyeshe hiyo meseji," Shiundu akasema.

Nikamwonyesha. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, na midomo ikienda.

"Inasema nitumwe Makongeni."

"Ndiyo."

"Jumapili saa tatu."

"Ndiyo."

"Nilienda?"

"Ulienda."

"Spika nilileta?"

"Ulileta. Moja kichwani."

"Na nani mwingine alitumwa siku hiyo akaenda?"

Nikafikiri. "Hakuna."

"Mtume, ndugu yangu," mteja akaingilia, "hii mbavu ni yangu ama ni ya Mwalimu?"

"Tulia, mzee, nafikiria!" Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, baadaye kwa mabega. "Lakini Lodwar haiko hapa. Mwalimu, soma tena. Kuna mahali imeandikwa Lodwar?"

"Hakuna."

"Imeandikwa Makongeni." Akanyoosha kisu kuelekea reli. Kutoka pale buchani hadi Makongeni ni mwendo wa kuvuka barabara na kupita ukuta mmoja. "Mimi hapa nahudumia watu mia moja kwa siku, nikiwa nimesimama. Mama Beldina atalala leo." Akamfungia mteja mbavu na kumwongezea kipande cha juu. "Hiyo ni ya kungoja. Jumapili njoo kanisa."

"Na hiki kipande kilichopasuka?"

"Hicho ni cha Mwalimu. Amekipasua yeye."

Nilipokuwa naondoka na kifurushi changu, aliniita. "Wanasema kanisani kwamba umepigiwa simu kutoka nyumbani."

"Nimepigiwa."

"Walisema nini?"

"Walisema nije. Wananiita."

"Haikuwa na herufi kubwa? Haikukosa koma?"

"Haikuwa na kosa lolote."

"Na umengoja mwezi mzima," Shiundu akasema. Hakusema kwa ubaya. Akarudi kwenye gogo, kulikuwa na foleni.

Jumatano, 15 Mei.

Nimekula ile nyama. Nimetoa barua ya uhamisho kwenye Biblia. Wino umegeuka kahawia na mikunjo imekatika mahali pawili. Mchungaji aliyeitia sahihi alikufa mwaka wa 1999. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na koma zote zipo.

Jumamosi, 18 Mei.

Nimempelekea Carolyne barua. Aliishika kwa ncha za vidole. "Mwalimu, hii ni ya lini?"

"Iko tarehe juu."

"Mimi nilikuwa sijazaliwa!"

"Ndiyo maana wewe hukuipokea."

Akatafuta daftari la washiriki. Niko nambari mia nne na kumi na mbili, chini ya Mama Nthoki.

Jumapili, 19 Mei. Pentekoste.

Jua limetoka. Ukumbi bado unanuka magodoro. Shiundu hakuagwa wala hakurudisha kisu. Alisimama mbele, akalieleza kanisa habari ya meseji yote, bila kuniokoa mahali popote, na watu wakacheka mpaka Pasta Caleb akaketi. Kisha Pasta akamwekea mikono, awe mwinjilisti wa Makongeni, siku ambazo bucha imefungwa. Everline alikuwa safu ya pili, amevaa kitambaa kipya.

Bango wamelihifadhi. Wanasema litafaa mwakani.

Carolyne alipofika kwenye mstari wake alisita kidogo kabla ya kuusoma. "Wageni wasimame."

Wakasimama watatu. Ukumbi mzima ukanigeukia, kama watu wanaongoja saa ya ukutani igonge. Mama Apondi akanidunga ubavuni kwa kidole.

"Mwalimu. Miguu?"

"Miguu ni mizima."

"Basi?"

"Basi nimekaa."

Akapiga makofi matatu, yeye peke yake, kisha akajikaza na kuendelea na kazi. Baada ya ibada sikupewa chai. Nilipewa karai na vikombe vya wageni nivioshe, kwa sababu hiyo ndiyo zamu ya washiriki wapya. Mama Nthoki aliosha, mimi nikasuuza.

Mchana nimefikiri tena juu ya mabati ya kijani, na wazee saba nisiowajua, na makofi ambayo Shitanda ameniandalia kwa moyo safi. Huko nako ningesimama na wageni. Nisingepata tena miaka thelathini na miwili ya kujifunza kukaa.

Nimemwandikia sasa hivi. Herufi ni kubwa, simu haijapona, lakini nimesoma mara tatu kabla ya kutuma, na koma iko mahali pake.

SHITANDA MWANANGU, ASANTE KWA NYUMBA. MPE MWALIMU KIJANA AISHI HUMO. SITARUDI.